Chokaa ya Kyanjovu

Fundi amekuja na msasa na ndoo tatu za rangi.
Nimemwambia: weka chini kwanza,
usiukwangue ukuta huu kabla sijakusomea.

Daftari la ubatizo linaanza mwaka wa tisini na tatu,
karne ile nyingine. Mende wamekula pembe zake,
wino umekuwa rangi ya chai.
Wa kwanza: Yafesi Kibirango, mfinyanzi.
Wa pili: Erina Nalwoga, mkewe.
Neno "mkewe" limekatwa, na juu yake,
kwa mkono wa mtu mwingine: "wa tatu".
Hapo pana kisa ambacho hakuna aliyeniandikia.

Kurasa hizo ni za Kiswahili,
Kiswahili kilichochoka, kilichokuja kwa miguu
kutoka pwani, miezi minne, mizigo kichwani.
Aliyewafundisha herufi ni Mwinyi Hatibu,
muuza merikani na shanga chini ya kilima,
mtu wa swala tano. Kanisani hakuingia
hata siku mvua ya mawe ilipomkuta mlangoni.
Alisimama palepale, akalowa,
akiwasahihishia tahajia ya "Mwokozi".

Kanisa la kwanza lilikuwa la matete.
Siku ishirini na moja za kukata na kufunga,
nguzo sitini, majivu chini ya kila nguzo
ili mchwa waogope.
Mchwa hawakuogopa.
La pili liliangushwa na upepo, Jumapili ya Matawi,
Yafesi akachomoka kwenye vumbi
na duara la nyasi shingoni, kama kola ya kasisi.
Watu walicheka. Daftari halisemi walicheka;
hayo nayajua kwa bibi yangu,
naye kwa bibi yake.

Mji ulikua kama mboga za maboga, popote palipo na samadi:
genge la chumvi ya Katwe, mhunzi mwenye jicho moja,
Namaganda akiwachomea wapagazi ndizi.
Mwaka wa funza watu walikuja ibadani kwa magoti.
Mwaka askari walipoasi, soko lilihama usiku mmoja,
na kwa wiki saba ukurasa ni mweupe
isipokuwa mstari huu: "Ngoma imepigwa. Hakuja mtu."

Walirudi. Yafesi akachoma matofali,
na ukiinama pale nyuma ya kisima cha ubatizo
utakuta dole gumba lake kwenye udongo.
Sadaka ilikuwa simbi, zimetungwa mia mia kwenye uzi,
za mjane, za mwizi aliyetubu, za mtoto aliyeokota moja njiani.
Wakazijaza mitungini kungoja bei ya bati.
Mitungi kumi na mmoja.

Kisha zikaja habari mbili msimu mmoja:
kwamba Malkia wa ng'ambo amefariki,
na kwamba simbi hazipokelewi tena. Ni rupia tu.
Kwa ile ya kwanza walipiga ngoma, kama walivyoagizwa.
Kwa ile ya pili wazee wa kanisa walikaa kimya
wakiitazama mitungi kumi na mmoja ya bure.
Erina, ambaye hakuwa mzee wa kanisa,
aliyekuja kuwaletea maji tu, akasema:
"Si ni makombe? Zichomeni."

Zikachomwa siku tatu. Moshi ulikuwa na harufu ya bahari
ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Mwinyi Hatibu pekee
alipanda kilima, akasimama upande wa upepo,
akafumba macho.

Kwa hiyo, fundi, weupe huu si rangi.
Ni sadaka ya miaka minane, imepakwa kwa mikono.

Fundi amegusa ukuta kwa kidole.
Ameuliza kama siku yake ya leo italipwa vilevile.
Nimemjibu kwa lugha yetu, inayoiita fedha
ensimbi hadi leo.
Amejifuta kidole kwenye suruali,
pakabaki mstari mweupe,
akaketi kwenye ndoo yake kungoja
niamue.