Foleni

Moto ulikula Gikomba usiku wa Jumanne.
Alfajiri nikakuta mabati yamejikunja
kama chapati zilizosahauliwa kikaangoni,
na pale palipokuwa kibanda changu
moshi ulikuwa bado unazungumza peke yake.

Cherehani ya marehemu mama imebaki kichwa tu.
Sare thelathini za shule, kwisha.
Kufuli nililonunua ghali pale Kamukunji
lilikuwa zima.
Limefunga barabara.
Limelinda hewa.

Nikaketi juu ya ndoo, nikatoa simu.
Bwana, leo sina cha kukuficha:
nilikuwa na foleni.
Wa kwanza, binamu yangu Ombati wa kaunti,
aliyeniahidi kibanda cha matofali tangu kura ile.
Nyuma yake sacco.
Nyuma ya sacco, chama chetu cha Alhamisi,
kisha mikono hii, ambayo haijawahi kukosea pindo,
kisha mchungaji wa hema aliyeniuzia chupa ya mafuta.
(Niliyapaka mlangoni. Yalishika moto vizuri.)
Nawe nyuma kabisa, karibu na ukuta,
kama mtu aliyekuja kliniki
bila kujuana na daktari.

Ombati hakushika simu.
Sacco wakaniuliza wadhamini,
na wadhamini wangu wote wawili
walikuwa wakichakura majivu hatua kumi kutoka nilipoketi.
Chama wakatuma pole yenye picha ya maua.
Mikono ikatetemeka, ikashindwa hata kufuta pua.

Foleni ikaisha.
Nikainua uso
na Wewe ulikuwa pale pale nilipokuweka.
Hukumruka mtu. Hukukohoa.
Hukuniuliza, "Sasa je?"

Sikuona muujiza. Jumapili sitasimama kanisani kusema uongo.
Hakuna bahasha iliyoshuka,
na kodi ya chumba Majengo ni ile ile.
Wazee walimsema mtegemea cha nduguye, wakanyamaza;
namna ya kukutegemea Wewe
itabidi nijifunze mwenyewe, tundu kwa tundu,
kama mwanafunzi wa sindano anayejidunga kidole.

Katika majivu nilipata mkasi.
Mweusi tii, mpini mmoja hauna.
Wambeti wa mitumba akapita,
akaniachia chai kwenye kifuniko cha thamosi,
hakusema neno, akaenda kutafuta majivu yake.
Zamani ningemwingiza kwenye foleni papo hapo.
Leo nimeinywa chai, nikamshukuru Wambeti,
kisha nikamshukuru Mwenye Wambeti.

Lakini najijua mimi, Kerubo binti ya Nyaboke.
Kesho Ombati akipiga, moyo utampisha mbele,
utampangusia na kiti.
Kwa hiyo nimeizima simu.
Ilikuwa imebaki na chaji asilimia nne, nakiri,
si imani kubwa.
Ipokee hivyo hivyo.