Safu ya Saba

Jua halijagusa bati la jirani.
Mswala sijaukunja bado,
nimekaa juu yake, miguu nimeinyoosha,
na sindano zangu mbili nimezitoa kwenye kopo la maziwa:
spoki za baiskeli ya marehemu baba.
Alizinoa mwenyewe kwenye jiwe la kizingiti
mwaka ule nilipohitimu juzuu ya kwanza.

Uzi ni wa sweta la mtumba, la kijani,
nililinunua sokoni Wete kwa elfu mbili,
sweta la jitu fulani la nchi za baridi,
mimi na Shaame tungeingia sote tukabakisha nafasi.
Jana usiku nililifumua kuanzia shingoni,
Shaame kanishikia mikono miwili mbele
nimzungushie uzi.
"Umenitia pingu, Bi Tumu, na kosa langu sijasomewa."
Miaka thelathini na moja, mzaha ni huo huo.
Na mie bado nacheka.

Bi Hidaya ananiita juu ya ua:
"Sweta? Limbani hii? Humu tunamokaangwa kama sambusa?"
Mwache. Kipupwe hakina aibu.
Mjukuu wangu atatoka tumboni mwa Mize mwezi wa saba,
na mwezi wa saba, usiku, upepo wa kusini
hupenya tundu la ufunguo
ukatafuta miguu midogo.

Vitanzi arubaini na vinne.
Subhanallah, subhanallah,
vidole ni hivi hivi, hesabu ni mbili,
na mara nyingine zinagongana:
nafika thelathini na tatu nisijue
nimemsifu Mola au nimeongeza kitanzi.
Yeye anajua. Mie sijali vikichanganyika.

Jikoni chila zinageuzwa.
Ilham anadurusu sura yake kabla ya chuoni,
mdomo umejaa,
na herufi ya haa anaitoa
kama mtu anayepuliza chai.
"Kooni, mama, kooni," namwambia bila kuinua macho.
Akairudia. Nikamtazama kidogo tu, kwa furaha,
na hapo ndipo kitanzi kiliponidondoka.

Sikukiona.
Nilikiona adhuhuri, nishafika safu ya ishirini:
tundu dogo huko chini, safu ya saba,
limenikodolea.

"Mama, nani atalichungulia?" Mize kasema,
mkono kiunoni, tumbo mbele kama mtungi.
"Mtoto hajui kuhesabu."
Kweli. Na kifungo kingelifunika.
Nikauvuta uzi.
Safu ya ishirini, ya kumi na tano, ya kumi,
ikiondoka kwa kisauti kama cha kitana
katika nywele za mtoto zilizopakwa mafuta,
na sikuona uchungu hata kidogo.
Mama yangu, Mungu amrehemu,
alikuwa akisema toba ni kufumua tu:
uzi haukatwi, haupungui,
unarudi mkononi umejikunja kunja,
unakumbuka ulikokuwa,
lakini unakubali.

Paka kalichukua donge mpaka uvunguni.
Tumelitoa kwa fimbo ya ufagio,
Ilham kalala kifudifudi, vumbi mpaka kwenye nyusi,
anacheka, anakohoa, anacheka.
Halafu, kutoka humo humo gizani chini ya kitanda,
akaisoma sura nzima kwa sauti.
Haa ikatoka kooni.
Mize akaketi. Nikaona ameshika tumbo,
nikashtuka, akasema, "La, anageuka tu. Anasikiliza."

Umeme umekatika magharibi, kama kawaida yake.
Mshumaa tumeuweka juu ya bakuli lililopinduliwa.
Shaame kaingia kutoka msikitini,
viatu kaviacha vimeangaliana mlangoni,
hakuuliza chakula wala habari,
kaketi mbele yangu, kanyoosha mikono.
"Haya, nitie."

Nimefika safu ya sita.
Macho hayaoni tena, na mshumaa ni kipande.
Kesho, inshallah,
ya saba.