Mchimbaji wa Jani la Mtofaa

Mwezi wa saba, Ullensvang. Theluji bado imeng'ang'ania
vilele vya ng'ambo ya ghuba, lakini huku chini
mitofaa imekwisha kubeba, matunda ukubwa wa gololi.
Nachuma jani moja, naliinua kwenye mwanga,
navaa miwani ya marehemu, maana yangu
haina subira na vitu vidogo.

Huyu hapa.
Mama yake alipita usiku, nondo mweupe
mfupi kuliko punje ya mchele,
akalidunga jani kwa chini, akapachika yai, akaenda zake.
Hakuaga. Hakuacha anwani.

Yai likapasuka ndani kwa ndani.
Kiwavi alizaliwa kati ya sakafu na dari,
na sakafu na dari ni jani lile lile.
Akaanza kula upande aliotazama.
Njia yake mwanzoni ni uzi wa kushonea kifungo;
inapinda, inakata mshipa, inarudi, inapanuka
kadiri msafiri anavyonenepa,
na katikati yake, mstari mweusi:
choo chake, samahani,
ndiyo kumbukumbu pekee aliyoiweka.

Torleiv naye alichimba.
Miaka thelathini na mmoja alitoboa milima
ili mabasi yapite chini ya barafu.
Majira ya baridi aliingia gizani kabla ya kifungua kinywa
akatoka gizani, nje nako giza.
Yeye hakuula mlima. Mlima ndio uliomla,
chembe kwa chembe, kwa njia ya pua,
hata usiku nikilaza sikio kifuani pake
nikasikia lori likipanda, mbali, kwa gia ndogo.

Husemwa mchimba kisima huingia mwenyewe.
Namna ya kutoka, hawakutuambia.

Kiwavi anaijua. Siku ikitimia
huitoboa ngozi ya jani, hushuka kwa uzi wake,
hutafuta jani jingine, na chini yake
hutundika machela nyeupe,
kamba huku, kamba kule,
akalala humo kama mtu aliyelipwa likizo.
Wiki mbili hivi.
Kisha mabawa.

Sjur, mwanetu, anataka tunyunyize dawa.
Anasema majani yamechorwa chorwa, wanunuzi watasemaje.
Namwambia tofaa haliliwi kwa majani.
Ananitazama vile wanavyotutazama sisi wajane
tukianza kuwa na maoni.

Sikumwambia habari ya Januari.
Nilikwenda ghalani kutafuta ngazi,
nikalishusha koti la kazi la baba yake nilikung'ute.
Kwenye mkunjo wa ukosi, punje nyeupe,
ncha ya bawa ina doa la kahawia,
kizazi cha mwisho cha mwaka, kimejibanza
kikingoja Mei.

Nililirudisha koti msumarini.
Ngazi nikaiazima kwa jirani.