Upande wa Pili, Wimbo wa Tatu

Kwanza naifuta. Si kwa kanga, kanga huacha nyuzi;
naifuta kwa kipande cha fulana kuukuu, kimelowa kidogo,
nazunguka na mistari, siikati,
maana Agosti hii upepo wa Dodoma haupigi hodi:
vumbi limo kwenye sukari, limo kwenye kope,
limo ndani ya kabati nililolifunga kwa ufunguo.

Santuri moja. Nakala ya mia mbili na kumi na saba
kati ya mia tatu. Namba imeandikwa kwa wino,
saba yake ina mkia kama ya mwalimu wa hesabu.
Watu wanne wa Mpwapwa, bila kampuni, bila meneja,
magitaa mawili, kinanda walichoazima kanisani,
na msichana anayeimba kama mtu anayesoma barua
huku anamenya karanga.
Jaladani hakuna sura zao. Kuna kiti cha plastiki
uani, na juu yake imeanikwa soksi moja.

Mkanda wa mashine, fundi Masinjisa wa Majengo
aliukata kwenye mpira wa baiskeli,
kwa hiyo nyimbo zote kwangu hukimbia kidogo,
kama zinawahi treni.

Upande wa kwanza nausikiliza nikipika.
Wa pili, hapana. Wa pili nakaa sakafuni,
mgongo kwenye kitanda,
nangoja ule mchakacho kabla ya sauti,
mafuta yakianza kuchemka,
ndipo besi inaingia, taratibu, kwa soksi.

Juzi LUKU iliisha katikati ya kiitikio.
Sauti ya msichana ikashuka,
ikawa ya mama mtu mzima, ikawa ya babu,
ikawa ya ng'ombe, ikanyamaza.
Nikaingiza tarakimu ishirini kwa mwanga wa simu,
nikakosea, nikarudia,
naye akapanda tena kutoka kisimani,
ng'ombe, babu, mama, msichana,
akamalizia neno lilelile lililombakia mdomoni.
Nilicheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta.

Lakini wimbo wa tatu una jeraha.
Hapo sindano hukwama:

nitaku—
nitaku—
nitaku—

kitenzi hakiji.
Miaka miwili nimekuwa nikimjazia:
nitakupenda, nitakusahau, nitakudai,
nitakupigia nikifika Manyoni.
Kisha nausukuma mkono wa mashine kwa kidole cha mwisho,
wimbo unaruka, unatua mbali,
kama watu waliobadilisha mazungumzo mgeni alipoingia.

Wiki iliyopita Chilewa wa masjala
alinichezea kwenye simu yake wimbo uleule,
msafi, hauna hata chembe.
Nikashika pumzi palepale. Haukukwama.
Nitakurudishia mwavuli wako, aliimba, basi,
akaendelea na mambo yake.
Mwavuli! Kwenye mji huu
ambao mawingu huja kupiga picha tu, yakaondoka.

Nilirudi nyumbani kwa miguu.
Nikaligeuza jalada. Nyuma, pembeni, kwa penseli:
Mbeleje. Usiiache juani.
Jina si langu. Mwandiko si wangu.
Aliniazima wiki aliyohamia Singida,
nami mlangoni, nimeshika kitasa, nikasema…
nilisema nini? Nilianza na nita.

Usiku huu sijausukuma mkono.
Nimeiacha iseme, iseme,
hadi chai ikafanya utando,
hadi nikaacha kusikia neno
nikasikia mlango tu, unafunguka, unafunguka.

Kwetu sahani ya watu hairudi tupu.
Sasa sahani ya namna hii utaitilia nini?
Zabibu zitalitia jalada madoa.
Boksi la feni lipo, kamba ipo,
basi la Singida linaondoka saa kumi na mbili.

Ila leo upande wa kwanza
bado sijausikiliza.