Kidole Tumbo

Miwani nimeisahau Mpunguzi, juu ya debe la unga,
kwa hiyo kalamu shika wewe, Nyemo.
Sista Yulitha kasema tujaze pande zote mbili
kabla daktari hajaita.

Umri: hamsini na moja.
Kazi: mkulima wa zabibu. Usiandike "mama wa nyumbani",
nyumba haijawahi kunilipa.

Hedhi ya kwanza?
Mwaka ule kwelea kwelea waliumaliza uwele,
watoto tukishinda shambani kupiga madebe,
nikaona damu nikadhani nimekalia mwiba.
Haya, hesabu.
Kumi na miwili. Andika.

Watoto uliozaa: watatu.
Mimba zote:
sita.
Usinitazame hivyo. Fomu ndiyo iliyouliza zote.

Kunyonyesha: ndiyo, wote,
wewe mpaka ukaanza kunijibu.

Upasuaji wowote wa kizazi?

Hapo isimamishe kalamu kidogo.
Unakumbuka nilipolazwa Mvumi, ukiwa darasa la nne,
nikarudi nimejikunja kama mundu,
baba yako akawaambia, mama katolewa kidole tumbo?
Hakikuwa kidole.
Vilikuwa vivimbe saba. Nilionyeshwa kwenye beseni,
kikubwa kama kitunguu, kidogo kama kunde,
na nyumba yenyewe iliyowalaza ninyi watatu
ilitoka navyo.
Miaka minne nilikuwa navuja.
Wenzangu shambani walisema naringa, sikai nao kwenye turubai.
Shangazi zako walisema chango, wakanichemshia mizizi,
nikamaliza chungu kizima, chango halikusikia.
Ndipo nikamwambia baba yako: sema kidole tumbo.
Kidole tumbo hakina aibu.
Hata wanaume wanacho.

Saratani katika familia.
Ndiyo. Hapana. Sijui.
Vijumba vitatu, na mimi nina maneno mengi.
Bibi yako Damari alikuwa na jipu.
Ndivyo tulivyosema, jipu la titi,
jipu la miaka miwili lisiloiva,
akalifunga kwa kaniki, akalala ameelekea ukutani
ili wakwe wasisikie harufu.
Kuna jirani alitajwa. Kuna mbuzi alichinjwa.
Hakuna aliyeifungua ile kaniki akatazama.
Fomu haina kijumba cha jipu, Nyemo.
Weka tiki kwenye "ndiyo".
Ikandamize.
Miaka thelathini na moja yuko chini ya mawe yale,
leo ndipo ugonjwa wake umepata jina,
tena kwa mwandiko wako.

Sasa kilichotuleta.
Titi la kushoto, juu, karibu na kwapa.
Vidole hivi vimechagua zabibu miaka ishirini,
vinaijua iliyoiva hata nikifumba macho.
Zabibu hubonyea.
Hiki hakibonyei.

Wakati ulipokwenda kunywa maji nilimuuliza Sista:
kile kizazi nilichokikata, ndicho kimenitumia hiki?
Hakunicheka. Alisema,
"Mama, kizazi hakina kisasi.
Tunauliza ya nyuma tujue pa kutazama.
Kitakachosema ni kipimo."
Nikamwamini, au nilitaka kumwamini,
nikaendelea kukunja ncha ya khanga.

Mbona huandiki? Kumebaki sahihi tu.
Unasemaje?
Paza sauti, feni hii inakoroma.

Tangu kidato cha pili.

Kila mwezi. Sakafuni, bwenini, vidonge vinne kwa mkupuo,
na barua ukaniandikia ni malaria.

Malaria.
Haya. Wewe na malaria yako,
mimi na kidole tumbo changu,
bibi na jipu lake.

Nenda pale dirishani kwa Sista Yulitha,
mwambie atupe fomu ya pili.
Na hiyo kalamu nipe mimi.
Miwani sina, herufi zitapanda na kushuka kama njia ya mbuzi,
lakini wewe nisomee swali,
halafu nijibu polepole.