Zamu ya Usiku

Saa nane za usiku, Isevya imelala,
mama anawasha taa chumbani kwake,
ananiambia, "Baba, subiri nje.
Wanaume hawaruhusiwi humu."

Basi nasubiri nje.
Nakaa juu ya ndoo niliyoipindua kwenye korido yetu wenyewe,
mgongo ukutani, nyayo kwenye saruji ya baridi,
kama walivyokaa wanaume wa Tabora nzima
kwenye benchi la Kitete, kofia mkononi,
wakimngojea sista Nyanzala atoke na habari.

Nasikia maji yakimiminwa kwenye beseni.
Nasikia akimtuliza mtu:
"Usisukume bado, mwanangu. Pumua. Bado."
Hakuna mtu. Kuna kitanda, kabati,
na matobolwa aliyoyaficha chini ya mto tangu Jumanne.

Mchana ni habari nyingine.
Mchana mimi ni Mihayo, mdogo wake
aliyekufa kwa surua kabla sijazaliwa.
Mwanzo nilibisha: mama, ni mimi, Lugendo, mwanao.
Alinitazama kwa adabu,
kama mtu anayemstahi mgeni aliyedanganya kidogo.
Sasa naitika.
Mihayo ana bahati zake: anaulizwa kama ameshiba,
anahimizwa avae sweta.
Kuna siku namwonea wivu, marehemu wa watu.

Funguo tulizikuta kwenye debe la unga.
Chai ya jana ilikuwa na chumvi; tuliinywa.
Mara mbili ametoka na kanga moja mpaka Kiloleni,
akarudishwa na kijana wa bodaboda aliyekataa nauli.
"Huyu ndiye aliyemzalisha mama yangu," alisema,
"nikupokee hela ya nini?"
Akaondoka, na vumbi lake.

Jirani wa kushoto anasema amefungwa, tumpeleke kwa wataalamu.
Jirani wa kulia anasema ni uzee tu.
Daktari alichora ubongo nyuma ya karatasi ya dawa,
akautia vidoa vidoa kwa kalamu,
kisha akaniuliza mama anapenda nini.
Nikakosa jibu. Miaka arobaini na sita,
nikakosa jibu.

Kalunde hupiga simu toka Dar, hutaka kuonana uso kwa uso.
"Mama, unanijua?"
Swali baya hilo, dada.
Mama anaisogelea simu, anakunja uso:
"Vuta jicho chini. Vuta tena.
Huna damu wewe. Kula mlenda, kula maini."
Kalunde analia, anacheka, salio linaisha.

Kabula, mke wangu, hana maoni.
Anamwogesha, anamkata kucha,
anamfuma nywele chache zilizobaki.
Miaka kumi na tano mama hakumpenda,
alimwita "yule", hata mbele ya wageni.
Juzi, mguu wake ukiwa mapajani mwa yule,
akauliza: "Binti, umelelewa na nani?
Una mkono mzuri."
Kabula alikuja jikoni akanisimulia mara tatu
huku maharage yakiungua.

Saa kumi kasoro. Adhana bado.
Mlango unafunguka, mama amejifunga kitambaa kichwani,
jasho la kweli limemtoka.
Mikononi ana kanga iliyokunjwa, imeviringwa vizuri,
ncha zimechomekwa ndani.

"Hongera, baba. Wa kiume.
Kilo mbili na robo tatu.
Alichelewa kulia, huyu,
nikampiga nyayo mpaka akanijibu."

Hadithi hii naijua. Nimeisikia kila sikukuu,
na nyayo zilizopigwa ni hizi,
hizi zilizo juu ya saruji.

Nanyoosha mikono, nampokea.
Mwepesi. Ananukia sabuni ya kipande.
"Jina lake nani?" nauliza.
"Hilo lenu wenyewe," anasema,
na tayari amegeuka, kuna mwingine ndani ameanza uchungu,
"ila kichwa, baba, shika kichwa."

Mlango unafungwa.
Narudi kwenye ndoo yangu, nimejipakata,
kichwa nimekishika
kama nilivyoelekezwa.