Kiwimbi Mwishoni mwa Jina

Malimi aliitazama mashine, akaguna.
"Shangazi, diski imejaa pomoni,
na nusu ya vilivyomo ni nakala
ambazo wala hukuziomba."

Kweli sikuziomba.
Programu ya kuandikia huzaa yenyewe.
Nikihifadhi barua, ile ya kabla haifi,
husogea pembeni na jina lake lile lile,
mkiani imechorwa kiwimbi
kidogo, kama kile kinachogusa changarawe hapa Mwaloni
mashua ya dagaa ikishapita.

barua_nyamizi
barua_nyamizi~

Kulwa na Doto.
Na siku umeme unapokatika katikati ya sentensi
anazaliwa Shija:
#barua_nyamizi#
reli kichwani, reli miguuni,
kama abiria aliyelala stesheni akingoja treni ya Tabora.

Miaka sita nachapa hapa Kirumba,
barua, mikataba, risala za harusi, ratiba za mazishi,
na kila neno nililofuta lilikuwa limekaa nyuma yangu
limenyamaza.

Mama kule Kisesa alianika michembe juu ya jiwe.
Akiba haiozi, alisema.
Kila Aprili tukifungua kihenge
dumuzi walikuwa wameshatutangulia.

"Amri ni fupi," Malimi akasema.
"Futa, halafu nyota, halafu kiwimbi. Basi.
Ila chunga, usiache nafasi katikati.
Ukiacha nafasi, nyota inafagia duka zima,
mpaka cheti cha ubatizo cha yule mtoto wa Pasiansi."

Nafasi moja tu! Upana wa punje ya mtama.
Kidole kikagoma juu ya kibonye.
Nikasema ngoja nifungue moja,
kama mtu anayeonja dagaa kabla ya kununua fungu.

Ikawa ya Nyamizi, ya mwezi wa tatu,
kwa mdogo wake aliye Ukerewe.
Ile iliyokwenda naikumbuka, ilikuwa mistari miwili:
*Bugole, nakudai laki mbili na themanini za nyavu.
Zilete kabla ya giza la mwezi huu.*

Yenye kiwimbi ilikuwa na mitatu.
*Usipokuwa nazo, njoo hivyo hivyo.*

Nikakumbuka. Alikuwa amesimama hapa,
magamba yamemkauka kwenye kiwiko,
akanigusa bega: "Huo wa mwisho toa.
Ataniona laini."
Nikatoa. Nilidhani nimetoa.

Sikuifuta.
Wala sikumwambia Malimi kwa nini.
Nikamwomba anifundishe njia nyingine:
nakala zote ziende kwenye folda moja,
tukaiita Kihenge,
kila barua ibaki na nakala tatu, isizidi,
na zikifikisha arobaini zifutike zenyewe,
matanga yaishe, watu warudi makwao.
Akacheka, akaandika mistari minne,
diski ikapumua.

Ila ile moja niliitoa nje ya Kihenge.
Niliiweka peke yake.
Sijui kama nina haki ya kutunza
kitu ambacho mwenyewe alikikataa.
Mchapaji si padri.

Jumanne Nyamizi akaja, ndoo kichwani, hakuitua.
"Ile barua ya mwezi wa tatu, bado unayo?"

Nikauliza, macho kwenye kioo:
"Ipi? Uliyoituma, au ya kabla yake?"

Nje mtu alikuwa anagombana juu ya bei ya barafu.
Akashusha ndoo.
Akafungua fundo la kanga, akahesabu sarafu,
akazihesabu tena.

"Kumbe ipo ya kabla," akasema.
Kisha, "Hiyo."

Printa ikakohoa.
Ukurasa mmoja, mia tano.
Aliukunja bila kuusoma, akausukuma kifuani,
akasema meli ya Nansio haimsubiri mtu,
na ndoo yake ya dagaa
akaiacha mlangoni kwangu mpaka jioni.